Ombasha: Safari ya Mkuu wa Watu Kumi

Ombasha ni cheo ambacho, katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, kilikuwa cha kwanza juu ya askari wa kawaida na chini ya shaushi, na kwa mizani ya vyeo vya leo kinakaribiana na koplo. Anayelikuta neno hili katika maandishi ya zama za Mdachi huenda akalidhania kuwa la Kijerumani, kwa kuwa Wajerumani ndio waliolitia katika daftari za mishahara na kulieneza kutoka pwani hadi kwenye maziwa makuu. Lakini Wajerumani wenyewe walilipokea likiwa limekwisha kusafiri mbali, na waliolishusha Bagamoyo ni askari wa Kisudani waliokodiwa Cairo mwaka 1889. Asili yake ni Kituruki, lugha ambayo kwayo on ni kumi na baş, linalotamkwa bash, ni kichwa, hivyo onbaşı ni kichwa cha kumi, yaani mkuu wa watu kumi. Hapo mwanzo, basi, cheo hiki hakikuwa sifa ya mtu bali hesabu ya kundi, na kulitaja jina la msimamizi kulitosha kueleza jinsi jeshi zima lilivyogawanywa.

Mgawanyo huo wa kumi kumi ni wa kale kuliko Waturuki wa Istanbul. Wanahistoria wa China waliandika kwamba Modu, aliyetawala Waxiongnu wa nyika za kaskazini kuanzia mwaka 209 kabla ya Kristo, alikuwa na wakuu wa elfu, wa mia na wa kumi. Na Genghis Khan, alipotawazwa mwaka 1206, aliyavunja makabila ya Wamongolia na kuyapanga upya katika makundi ya kumi, mia, elfu na elfu kumi, ili mtu asipigane tena chini ya mzee wa ukoo wake bali chini ya mkuu aliyewekwa na mtawala. Hilo ndilo lililokuwa lengo kubwa la hesabu yenyewe, maana kumi ni idadi isiyojali nasaba. Wasafiri wa Ulaya waliofika kwa Wamongolia katika karne ya 13 walieleza kwamba mmoja au wawili wa kundi la kumi wakikimbia vitani, wote kumi huuawa, sheria ambayo bila shaka ilimfanya kila askari awe mlinzi wa mwenzake. Si Wamongolia na Waturuki peke yao walioliona jambo hili, kwani hata katika kitabu cha Kutoka, Yethro anamshauri mkwewe Musa aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Hata hivyo jina lililofika Afrika Mashariki lilitoka nyikani, si Sinai.

Katika dola ya Uthmaniya ngazi hiyo ilijengwa kwa maneno yaliyofuatana kama vidato: onbaşı wa kumi, yüzbaşı wa mia, binbaşı wa elfu. Katikati yake yalichomekwa majina ya asili nyingine, ambayo hayakuhesabu kitu. Çavuş, linalotamkwa chavush, alikuwa mjumbe na mpiga mbiu wa kasri la sultani, mtu wa kutangulia mbele ya msafara na kupeleka amri, kabla ya jina lake kushushwa jeshini na kuwa la msimamizi aliye juu ya mkuu wa kumi. Na aliyewazidi wenzake akaitwa başçavuş, mkubwa wa machaushi. Efendi lilitoka kwa Wagiriki wa Bizanti, ambao walimwita bwana mwenye amri kwa neno lililotokana na authentes, na Waturuki wakalifanya kuwa heshima ya mtu aliyesoma: kadhi, karani, mwalimu, kisha ofisa kijana anayejua kusoma na kuandika. Hata neno askari, ambalo Waswahili walilipata kutoka Kiarabu na wanalihesabu kuwa la kawaida kabisa, lilikuwa na maana pana kwa Wauthmaniya, kwa sababu liliwataja wote waliomtumikia sultani na kusamehewa kodi, wakiwemo masheikh na makarani, tofauti na raia ambao kazi yao ilikuwa kulima, kufanya biashara na kulipa. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili alipoangamiza kikosi cha Wajanisari na kuunda jeshi jipya kwa mtindo wa Ulaya, hakukopa majina ya Ulaya. Aliyachukua haya ya zamani akayapanga upya, onbaşı chini na binbaşı juu.

Misri ilikuwa imemtangulia. Muhammad Ali, mzaliwa wa Kavala aliyefika Misri na jeshi la Uthmaniya mwaka 1801 na kuwa gavana wake mwaka 1805, alitaka jeshi lisilomtegemea sultani, na mwaka 1820 alituma majeshi yake kuivamia Sudan, huku mojawapo ya sababu, iliyotajwa waziwazi katika barua zake, ikiwa kupata watumwa wa kuwafanya askari. Maelfu waliokamatwa huko walipelekwa Aswan kufundishwa gwaride chini ya Joseph Sève, ofisa wa Kifaransa wa zama za Napoleon, ambaye baadaye alisilimu na kuitwa Süleyman Pasha. Wengi walikufa kwa maradhi kabla ya kushika bunduki, na Muhammad Ali akalazimika kuwaandikisha kwa nguvu wakulima wa Misri. Lugha ya amri ilikuwa Kituruki, kwa kuwa maofisa walikuwa Waturuki na Wacherkesi, na mkulima wa Misri au mateka kutoka milima ya Nuba alijifunza kugeuka kulia na kushoto kwa lugha ambayo hakuijua nje ya uwanja wa gwaride. Hapa pia ndipo hesabu ilipoanza kuachana na jina. Kikosi cha binbashi, ambaye kwa jina lake alipaswa kuwa na elfu, kilikuwa cha watu wapatao 800, na mwishoni mwa karne, Waingereza walipolishika jeshi la Misri, ofisa yeyote wa Kiingereza aliyeazimwa huko alipewa cheo kisichopungua binbashi siku ya kuingia, hata kama kwao alikuwa luteni.

Safari ya kupitia Misri imeacha alama katika matamshi, na alama hiyo ni ushahidi mzuri kuliko nyaraka nyingi. Kiarabu cha Misri na Sudan hakina sauti ya ch, hivyo çavuş likawa shawish. Kiswahili kinayo sauti hiyo na huitumia kila siku katika chai, chumvi na choo, kwa hiyo kama neno lingetoka Istanbul moja kwa moja Waswahili wangesema chaushi bila taabu yoyote. Walisema shaushi, kwa sababu waliwasikia Wasudani. Onbaşı nalo lilikuwa limekwisha kuwa umbashi au ombashi midomoni mwa Waarabu, n ikigeuka m mbele ya b, jambo ambalo Kiswahili chenyewe kingelifanya hata bila msaada, kama kinavyofanya katika mbuzi na mbao. Başçavuş likasagika zaidi, likawa bashaushi na betshaushi, na hili la pili ndilo Wajerumani waliloliandika katika orodha zao.

Jeshi la Misri lilivunjwa na Waingereza mwaka 1882, baada ya kushindwa kwa Urabi Pasha huko Tel el-Kebir, na miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Januari 1885, Khartoum ikaangukia mikononi mwa wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan. Askari wa Kisudani waliokuwa wamemtumikia khedive, mtawala wa Misri, kwa miaka mingi walijikuta Cairo bila kazi na bila kwao pa kurudi, na wengine walibaki kusini kabisa, katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha, wakiwa wamekatiwa njia. Mabaki haya mawili ya jeshi moja ndiyo yaliyoingiza vyeo vya Kituruki Afrika Mashariki, kila moja kwa mlango wake.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na vita vya Mrima. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani, walikuwa wameinuka mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokodi pwani kwa Sultani wa Zanzibar, na serikali ya Ujerumani, ambayo haikuwa na jeshi la makoloni, ikamtuma Hermann Wissmann kwa fedha marki milioni mbili zilizoidhinishwa na bunge Januari 1889. Wissmann alikwenda Cairo na kuandikisha Wasudani wapatao 600, waliosafiri pamoja na wake na watoto wao, kisha akaongeza watu waliochukuliwa Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Tarehe 8 Mei 1889 waliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na mwezi Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Wasudani hawa hawakuja kama kuruta, maana walikuwa na vyeo vyao tayari, waliinuliwa kwa vyeo hivyo na Wamisri na Waingereza, na Wissmann, aliyekuwa na haraka, hakuwa na sababu ya kuwavua. Vyeo vikaingia mkatabani pamoja na wenyewe. Na kikosi hicho kilipofanywa jeshi rasmi la dola kwa sheria ya tarehe 22 Machi 1891, ombasha, shaushi, betshaushi, sol na effendi yalikuwa ndiyo majina ya vyeo vya askari Waafrika, huku Wajerumani wakijiwekea majina ya Kijerumani.

Ni vema ikumbukwe kwamba pwani haikuwa tupu ya maneno ya aina hii. Masultani wa Zanzibar walikuwa na askari wa Kibaluchi, na mkuu wao aliitwa jemadari, neno la Kiajemi lenye maana ya mwenye kundi, ambalo sehemu yake ya kwanza ni ya Kiarabu na ni ndugu wa jamaa na jumuiya. Jemadari wa Bagamoyo au Kaole alikuwa kama mkandarasi, anayekusanya watu na kupokea posho yao. Akida, kutoka Kiarabu, alikuwa kiongozi wa vijana wa mji vitani, kabla ya Wajerumani kumfanya mtawala mdogo aliye juu ya majumbe na kumtwika kazi ya kukusanya kodi, na watafsiri wa Biblia waliona neno hili linafaa kwa ofisa wa Kirumi ambaye jina lake la Kilatini lilimhesabia watu mia. Msafara wa wapagazi nao ulikuwa na mnyapara wake. Lakini maneno haya yalitaja uhusiano wa watu: nani anamlisha nani, nani anamfuata nani. Ombasha alitaja nafasi ndani ya chombo ambacho kingeweza kuendelea kufanya kazi hata kila aliyemo akibadilishwa, na chombo cha namna hiyo kilikuwa kigeni hapa kuliko neno lenyewe. Yaliyowapata baadaye jemadari na ombasha pia ni kinyume: katika jeshi la Waingereza huko India, jemadari aliteremka akawa ofisa wa chini kabisa, ilhali katika Kiswahili amepanda hadi kuwa mkuu wa majeshi, na ombasha, aliyekuja na mpangilio ulioshinda, hakupanda hata kidato kimoja.

Ushindi huo haukuwa wa siku zote. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliongoza kikosi cha Wasudani na watu wa Msumbiji kuingia Uhehe, na huko Lugalo Wahehe wa Mkwawa walikivamia kikiwa kimejipanga katika mstari mrefu njiani. Zelewski aliuawa pamoja na askari zaidi ya 200. Maveterani wa Cairo hawakuwa wa kuzibwa mapengo kirahisi, kwa kuwa Waingereza hawakupenda Wajerumani waendelee kuandikisha Misri, na kuanzia miaka hiyo jeshi likageukia Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Hapo ndipo neno lilipobadilisha wenyewe. Mnyamwezi aliyepandishwa kuwa ombasha hakujua Kituruki wala Kiarabu cha Sudan, na hakuwa na watu kumi waliohesabiwa kwa jina lake. Alijua kwamba mshahara umeongezeka, kwamba alama nyekundu imeshonwa kwenye mkono wa koti lake la kaki, na kwamba walio chini yake watasimama wima akipita. Kumi ilikuwa imekwisha kufutika.

Mahali ambapo cheo hiki kilionekana kwa uzito wake wote hapakuwa uwanja wa gwaride bali kituo kidogo cha bara. Kombania ilikuwa na makao yake katika boma, ngome ya mawe au matofali yenye ghala la silaha, mahabusu na baraza ya kusikilizia mashauri, lakini maofisa Wazungu walikuwa wachache na wilaya zilikuwa kubwa, hivyo vituo vya mbali viliachiwa shaushi au ombasha na askari wachache tu. Kwa mwanakijiji wa huko, serikali ya Mdachi ilikuwa ni mtu huyo: yeye ndiye aliyesimamia kazi ya shuruti ya barabara, aliyefuatana na akida kudai kodi, aliyekula kuku wa watu. Wakati wa vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, chuki iliyowaangukia askari na maakida haikutofautisha sana vyeo. Hata hivyo, ndani ya jeshi ngazi ilijaliwa mno. Ombasha alikuwa na nyumba, wake na watumishi, na aliweza kujijengea jamaa ya wafuasi, kwa namna ambayo jemadari wa zamani angeielewa mara moja.

Juu ya ngazi alisimama effendi, naye alikuwa kitendawili. Kwa jina alikuwa ofisa, na baadhi ya Wasudani waliokuja na Wissmann walikuwa na cheo hicho kwa haki. Kwa kanuni za koloni, hata hivyo, Mwafrika hakuweza kumwamuru Mjerumani, hata awe sajini aliyeshuka melini jana. Wajerumani walilitatua tatizo hilo kwa kuacha cheo kife chenyewe, kila effendi aliyestaafu au kufa asipate wa kumrithi, na vita vya mwaka 1914 vilipoanza, jeshi likiwa na askari wapatao 2,500 katika kombania 14, waliobaki walikuwa wachache sana. Kama historia ya vyeo ingefuata mantiki, neno effendi lingekuwa la kwanza kutoweka.

Lililoliokoa ni mlango wa pili. Mwaka 1891 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Kiingereza, alifika Kavalli karibu na Ziwa Albert na kuwakuta mabaki ya jeshi la Emin Pasha chini ya Selim Bey: wanajeshi mia kadhaa pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi, wakiwa bado wana vyeo vya Misri na bado wanajihesabu kuwa askari wa khedive. Aliwachukua akawaweka katika ngome za magharibi ya Uganda, na ingawa wengi wao waliasi mwaka 1897 kwa sababu ya mishahara duni na safari zisizokwisha, wao na watoto wao wakawa sehemu ya msingi wa jeshi la King's African Rifles, maarufu kwa jina la KAR, lililoundwa mwaka 1902. Wazao wao ni Wanubi wa Uganda na Kenya, na lugha yao ya Kinubi, iliyozaliwa kutoka Kiarabu cha kambini, ndiyo iliyoupa mtaa wa Kibera wa Nairobi jina lake, kutoka neno lao la msitu. Kwa hiyo katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wa pande zote mbili, aliyemfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hadi alipoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 na aliyekuwa akimfukuza, waliweza kumtambua effendi, kwa sababu babu zao wa kijeshi walitoka katika kambi zilezile za Misri.

Baada ya vita Waingereza walitawala Tanganyika na vyeo vya chini vikabadilishwa: ombasha akawa koplo, shaushi akawa sajini, na maneno ya zamani yakabaki kwa wazee na katika simulizi za vita. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kwa sauti kuliko kwa maana, kwani koplo limetoka, kupitia Kiingereza, katika caporale la Kiitaliano, ambalo mzizi wake ni capo, kichwa. Kichwa kimoja kilivuliwa kilemba kikavikwa kofia. Wakati huohuo vyeo vilikuwa vimekwisha kutoka kambini na kuingia mitaani. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanzia miji ya pwani ya Kenya na kuenea Tanganyika, hasa vya Marini na Arinoti, vilikuwa na wafalme, majenerali na makanali wao, gwaride na bendi, na watu ambao jeshi lisingewapa hata ukoplo walipandishwa huko kwa kura, kwa ukarimu au kwa fedha.

Effendi, ambalo Waswahili walikuwa wamelilainisha kuwa afande, lilipata hata maisha ya pili kama cheo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza, wakiona uhuru unakaribia na hawana maofisa Waafrika, walilifufua katika KAR kama daraja la kati, juu ya sajini meja na chini ya luteni, na Idi Amin alikuwa mmoja wa waliolipata, mwaka 1959. Lilidumu miaka michache tu. Kikosi cha Tanganyika kilifanywa Tanganyika Rifles mwaka 1961, kikaasi tarehe 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo baadaye iliitwa Lugalo kwa kumbukumbu ya ushindi wa Wahehe, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lenye koplo, sajini, luteni na kanali, bila afande yeyote katika orodha.

Katika mazungumzo, hata hivyo, neno hilo limejaa kila mahali. Askari wa Tanzania, Kenya na Uganda humjibu mkubwa wake kwa afande, na Rwanda neno lilifika na wapiganaji wa RPF waliolizoea Uganda. Tofauti yake na ombasha ni kwamba halikuwahi kuhesabu watu, hivyo hakuna mabadiliko ya mpangilio, kutoka kumi hadi seksheni, kutoka kombania hadi kikosi, yaliyoweza kulifanya lipitwe na wakati. Raia nao wamelichukua kwa kipimo chao wenyewe: dereva wa daladala aliyesimamishwa barabarani humwita afande konstebo ambaye ndani ya kituo chake hana wa kumwamuru, na konstebo huyo, akigeuka na kumwona mkaguzi wake anakuja, humpigia saluti na kumwita kwa neno hilohilo.